Je, wajua kwa nini anayeongoza mtihani wa kuingia udaktari si lazima aongoze wodini?

Miaka ya 1920 vyuo vya udaktari Marekani vilikuwa na tatizo ambalo wanafunzi wa Tanzania wanalijua kwa neno moja: kudisko. Wengi walidahiliwa, wengi wakaishia njiani. Mwaka 1928 ukaanzishwa mtihani wa kuwachuja mlangoni, na mrithi wake ni MCAT ya leo, ambayo alama zake ni kuanzia 472 hadi 528.

Je, mtihani huo unabashiri kweli? Unabashiri, lakini si kila kitu. Alama zake huendana na matokeo ya miaka ya mwanzo, ya anatomia, fiziolojia na baiokemia, na pia mitihani ya leseni. Hapo hakuna ajabu: aliyezoea kupiga msuli kwa ajili ya karatasi moja atafaulu na inayofuata. Kazi iko wodini, kwenye kumsikiliza mgonjwa asiyejua kueleza maumivu yake, kuelewana na manesi na kukubali kusahihishwa mbele ya wenzako. Huko alama za mlangoni hazisemi mengi.

Tena kuna ugumu wa kupima. Tunaowafuatilia ni waliopita tu, nao alama zao zimebanana juu kabisa. Waliokataliwa hawakupata nafasi ya kutuonyesha wangefanyaje.

Ndiyo maana naipenda sana habari ya Uholanzi. Kwa miongo kadhaa, nafasi za udaktari kule zilipigiwa kura ya bahati. Mwenye alama nzuri za sekondari aliongezewa uwezekano, lakini wengi wao hawakuwa na uhakika. Mwaka 1996 msichana mwenye wastani wa 9.6 kati ya 10 alikuwa amekosa mara tatu, na nchi nzima ikapiga kelele. Sheria ikabadilishwa: vyuo vikaruhusiwa kuchagua wenyewe sehemu ya wanafunzi, waliobaki wakaendelea kuingia kwa kura. Hivyo makundi mawili yakakaa darasa moja. Huko Rotterdam, kwa walioingia kati ya 2001 na 2004, kiwango cha wa kura walioacha masomo kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha waliochaguliwa. Ila kwenye alama za mitihani, tofauti haikuonekana! Mimi naona waliokubali kupitia mchujo mrefu walikwishaonyesha wanaitaka kazi hii kiasi gani.

Kwetu Tanzania hakuna mtihani maalumu wa udaktari. Kinachoamua ni matokeo ya kidato cha sita, fizikia, kemia na biolojia. Majirani wa Waholanzi, Waflandria wa Ubelgiji, walijaribu kupima zaidi ya hapo. Katika mtihani wao ulioanza 1997, waombaji walionyeshwa video za daktari na mgonjwa, kisha wakaulizwa: ungefanya nini sasa? Waliojibu vizuri walikuja kusifiwa kazini hata miaka tisa baadaye. Watafiti wakapima na tabia za wanafunzi hao wa udaktari. Umakini na bidii vilizidi kuwa na thamani kila mwaka ulivyopita. Wachangamfu, wapenda watu, hawakung'ara miaka ya mwanzo; walipofika kwa wagonjwa, uchangamfu uleule ukawapandisha.