Pengo Limefunga, Lakini Kifaa Hakitoki Bado

"Daktari, pengo limeshafunga, nitoe hiki chuma." Wiki hii nimeombwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu nimekataa.

Wanavyoamini ni hivi: kipanuzi, yaani kifaa cha chuma tunachokifunga kwenye kaakaa kwa skrubu ndogo, kimetanua taya la juu, pengo likatokea kati ya meno mawili ya mbele, sasa meno yamesogeleana, basi kazi imekwisha. Haijaisha! Pengo lilikuwa dalili kwamba mshono wa katikati ya kaakaa, pale nusu mbili za mfupa wa taya la juu zinapokutana, umeachana. Meno yanarudiana kwa sababu nyuzi za ufizi zinazoyaunganisha zilivutika, nazo zinayavuta yakaribiane. Mfupa ni habari nyingine kabisa. Kule juu mwanya bado upo, umejaa tishu laini na mfupa mchanga usiokomaa. Nikiwaonyesha eksirei wananyamaza: kwenye kioo tabasamu halina pengo, kwenye picha kuna ufa mweusi katikati ya kaakaa. Nikitoa skrubu siku hiyo, nusu mbili za taya zitaanza kurudi zilikotoka, na magego ya juu yatauma tena ndani ya yale ya chini kama siku ya kwanza ulipokuja. Ndiyo maana tukimaliza kukizungusha kwa ufunguo ili kitanuke, kifaa kinabaki mahali pake miezi 3 hadi 6, na kwa mtu mzima mara nyingi zaidi ya hapo. Hicho kipindi unachokiona cha kukaa bure ndicho mfupa unapojijenga. Naomba mnivumilie hapo.

Wengine huniambia: "Ukubwani kutanua taya ni upasuaji tu." Ingekuwa kweli kama kifaa tungekishikiza kwenye magego peke yake, maana kwa mtu mzima nguvu huishia kwenye meno, yakainamia nje na mshono usisogee. Skrubu ndogo, kwa kawaida 2 hadi 4, zinapeleka nguvu kwenye mfupa wenyewe, na vijana wengi waliokwisha balehe mshono wao huachana. Umri ukizidi kusonga, uwezekano hupungua. Wapo ambao hautaachana, na hao ndio wa upasuaji.

"Skrubu zinakaa maisha." Hazikai. Zinafunguliwa kwa dakika chache, na vitundu hujiziba vyenyewe.

"Nikizungusha mara mbili zaidi nitamaliza mapema." Utapata maumivu na skrubu zilizolegea. Kila mzungusho ni sehemu ndogo ya milimita kwa makusudi. Fuata ratiba niliyokuandikia, na ukisahau siku moja usiilipe kesho yake, nipigie simu kwanza.

Halafu ule ufunguo wa kuzungushia: ufunge uzi, uzi uuzungushe kidoleni, ndipo uingize mkono kinywani. Kaakaa lina mate, ufunguo unateleza, na koo liko karibu mno. Hili nalisema kwa kila mgonjwa, hata yule anayeniambia ameshazoea.