Barua, dokezo na waraka: tofauti iko wapi?

Wiki iliyopita wateja watatu waliniomba niwachapie memo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na shida ya memo. Nina meza ya kuchapa na kutoa kopi hapa Moshi, si mbali na stendi, na kabla sijagusa kibodi huwa nauliza: "Inakwenda kwa nani?" Jibu la swali hilo ndilo linalosema kama ni barua, dokezo au waraka. Watu wengi hudhani tofauti iko kwenye mpangilio wa karatasi, lakini mpangilio unafuata baadaye.

Barua huvuka uzio wa ofisi, au hugusa haki ya mtu mmoja hata kama yuko ndani ya uzio: ajira, likizo, onyo, kuacha kazi. Kwa hiyo hubeba kila kitu ambacho mgeni angehitaji: anwani na S.L.P., tarehe, Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu), cheo cha anayeandikiwa, kichwa kinachoanza na "YAH:" (yaani "yahusu"), kisha saini, jina na cheo cha mwandishi. Ule mstari wa "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. fulani" wengi huuona madoido. Kumbe karani wa masjala, chumba yanakotunzwa majalada, akishausoma, anajua barua inaingia jalada gani bila kusumbua mtu.

Dokezo, ambalo karibu kila mtu hapa analiita memo, halitoki nje ya geti. Halina anwani wala salamu ndefu kwa sababu mnafahamiana. Kampuni ya kupandisha wageni mlimani ingeandika hivi:

KWA: Msimamizi wa stoo
KUTOKA: Utawala
YAH: Kuhesabu mahema

Mahema yote yahesabiwe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Yaliyochanika yatengwe, na idadi yake iletwe ofisini.

Tarehe juu, saini chini, basi. Ukianza na "Natumaini hujambo na familia yako haijambo," umeshaharibu.

Serikalini kuna ndugu yake, dokezo sabili, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Ofisa wa chini anaeleza jambo kwa aya zenye namba, anatoa ushauri wake, anamaliza na "Naomba kuwasilisha." Karatasi inapanda. Kila mkubwa inayemfikia anaandika maoni yake chini ya ya mwenzake, kwa mkono, mpaka anayeamua aandike "Nimekubali." Ukiisoma kuanzia juu kwenda chini unaona jinsi uamuzi ulivyozaliwa na nani aliushauri. Nilipokuwa karani wa masjala, ofisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na bosi aliyependa kuandika neno moja tu: "Tuzungumze." Walizungumza kweli, ila hakuna aliyerudi kuandika walichokubaliana. Baada ya miezi miwili kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake, na jalada halikuwa na la kusema.

Waraka wenyewe huteremka. Mtu mmoja mwenye mamlaka anawaambia wengi kwa pamoja, na agizo linabaki hai mpaka waraka mwingine uje kulifuta au kulirekebisha. Ndiyo maana huwa na namba na mwaka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada katika shule za umma hadi kidato cha nne, na nyaraka zilizofuata zikaeleza nani anawajibika kwa lipi. Neno lenyewe huleta utata kidogo: "nyaraka" siku hizi ni karatasi zozote za ofisi, hata risiti na vyeti, lakini mwalimu mkuu akikwambia kuna waraka mpya, hazungumzii risiti.

Barua pepe si aina ya nne. Ni chombo cha kusafirishia tu, na unaweza kutuma humo barua kamili au dokezo la mistari miwili. Kosa ninaloliona sana ni kwenye nakala: mtu anawawekea nakala wakubwa watano ili kumtisha mwenzake, kisha anashangaa uhusiano umeharibika.

Sasa nirudi kwa mmoja wa wale watatu, kijana wa hotelini. "Dada, nichapie memo ya kudai haki yangu." Alikuwa ameambiwa kwa mdomo asirudi kazini, kisha akapata ujumbe wa WhatsApp wenye maneno manne. Hiyo haikuwa kazi ya memo hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya kusitisha ajira iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, isipungue siku 28. Na malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa hiyo tarehe ni roho ya karatasi yake. Nilimwambia pia asiufute ule ujumbe, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kutumika kama ushahidi.

Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi, ingawa alikuwa nayo mengi. Nikamtolea nakala mbili: moja aiache mapokezi, ya pili igongwe muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe, arudi nayo. Aliporudi jioni, muhuri ulikuwapo lakini tarehe haikuandikwa. Nikamrudisha.