Kliniki ya mkojo Mtwara: mzee amwambie nani?

Mtu akisikia mimi ni daktari wa mkojo, mara nyingi huulizia nguvu za kiume. Namjibu, maana hilo nalo ni letu. Lakini kinachojaza benchi la kliniki yetu ni tezi dume iliyobana njia ya mkojo, kichocho, na mabusha. Yote yana tiba, na yote hutufikia yamechelewa, kwa kuwa mzee anakaa nayo akijiuliza amwambie nani.

Nilisoma udaktari miaka 5, nikafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, baadaye nikaenda hospitali ya KCMC, Moshi, kujifunza upasuaji wa mfumo wa mkojo. Wenzangu walijua nitabaki Dar es Salaam. Nikiwa Dar es Salaam nilikuwa nikiwaona wazee wa kusini wodini, wamekaa kwenye basi zaidi ya kilomita 500 na mpira wa mkojo mapajani, kijana aliyewasindikiza analala kibarazani. Hilo ndilo lililonirudisha. Sasa tuna hospitali ya mkoa ya Ligula, tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na Lindi wana hospitali ya Sokoine. Si kila mgonjwa wa Newala tena ni wa kuvushwa Rufiji.

Niseme kidogo kuhusu busha, kwa sababu pwani yetu inalijua na bado inalionea haya. Ni maji yanayojaa kwenye mfuko unaozunguka korodani. Huku kwetu chanzo chake kikubwa ni minyoo ileile ya matende, inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, miaka 6 hadi 8 na kuiharibu. Vitoto vyake hujitokeza kwenye damu usiku, ndiyo maana wapimaji walikuwa wakigonga milango ya watu saa nne za usiku. Wapo wanaoamini busha huletwa na kunywa madafu; madafu hayahusiki kabisa. Narudia maneno haya mbele ya wazee ninaowaamkia shikamoo, wengine wameyakwepa madafu tangu ujana. Hao nawaeleza habari za mbu, chandarua, na zile dawa za mara moja kwa mwaka, ivamektini na albendazoli. Busha lenyewe dawa yake ni upasuaji: mara nyingi ganzi ya mgongo inatosha, na kazi huisha kwa muda mfupi. Kunyonya maji kwa sindano ni kujisumbua, maana hujaa tena, na sindano inaweza kuingiza vijidudu.

Kwenye timu yetu, anayefungua mlango si mimi. Ni muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima. Nilipoanza nilidhani wanaume watataka kuongea na mwanamume mwenzao. Yeye anamwamkia mgonjwa, anamuuliza habari za nyumbani na za shamba, kisha: "Baba, usiku unaamka mara ngapi?" Kuamka usiku hakuna aibu. Mzee anajibu mara tano, halafu mengine yanafuata yenyewe: mkojo unakatikakatika, unatoka kwa kusukuma, juzi ulitoka na damu. Akiingia kwangu, kazi ngumu imeshafanyika. Mke naye, mume akiridhia, huwa naomba aingie. Ndiye anayefua mashuka. Anajua tatizo lilianza lini.

Baada ya hapo wako mpimaji wa ultrasaundi, watu wa maabara, mtaalamu wa dawa za usingizi, na wauguzi wa wodi wanaomfundisha mgonjwa kuishi na mpira: mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, maji anywe ya kutosha. Wengi wakishawekewa mpira hupunguza maji ili mfuko usijae, na hilo linawaletea maambukizi.

Afisa ustawi wa jamii ni mtu ninayemhitaji kuliko watu wanavyodhani. Kliniki yetu inafuata msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaingia, benchi linajaa. Miezi ya nyuma yake watu walikuwa wanavumilia. Tezi dume haingoji mnada. Mkojo usiotoka unarudisha shinikizo kwenye figo kimyakimya, na ninaumia sana ninapompokea mtu mwenye pesa mkononi na figo zilizokwisha. Angekuja Julai na mfuko mtupu, angekaa na yule afisa, njia ingetafutwa.

Kichocho nitakisema kwa ufupi: mtoto akikojoa damu mwishoni mwa mkojo, hasa kama anaogelea kwenye mabwawa au kushinda kwenye majaruba ya mpunga, apelekwe akapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inatolewa kwa uzito wa mwili. Kikiachwa miaka mingi kinaweza kuzaa saratani ya kibofu, na hapo sina maneno mepesi ya kumpa mtu.

Nje ya kazi nina familia na bahari. Jumapili tunavuka kwenda Msangamkuu, navua kwa mshipi na watoto, simu ya dharura anayo mwenzangu wa zamu. Upasuaji unataka mkono uliopumzika, kwa hiyo siku hiyo naitetea. Jioni nyingine nakunywa kahawa Mikindani. Mara kwa mara mzee mmoja hunisindikiza hadi kwenye gari, na tukishafika mbali na wenzake ananong'ona. Namsikiliza palepale, kisha namwambia siku ya kliniki.

Nawe ukija, njoo na dawa zote unazotumia, za kienyeji pia, sitagomba. Usikojoe kabla ya ultrasaundi: tunapima kibofu kikiwa kimejaa, unakojoa, tunapima tena tuone kilichobaki. Dirishani huna haja ya kumweleza mtu ugonjwa wako. Sema tu, "kliniki ya mkojo."