Mafunzo ya utawala kwa wajumbe wa bodi wanaojitolea: maana yake

Haya ni mafunzo yanayomwandaa mtu aliyekubali kuisimamia asasi isiyo ya kiserikali bila mshahara, ili ajue mamlaka yake yanaanzia wapi, yanakomea wapi, na atawajibika kwa lipi. Mara nyingi huyo ni mwalimu mstaafu, muuguzi au mfanyabiashara anayeheshimika mtaani, aliyechaguliwa kwa uadilifu wake. Lakini uadilifu pekee haumfundishi mtu kusoma hesabu, wala kutolipwa hakumwondolei wajibu.

Msingi wa mafunzo ni mpaka kati ya bodi na watendaji. Bodi hupitisha mpango mkakati, bajeti na sera, humwajiri mkurugenzi mtendaji na kumpima. Kupanga safari za gari au zamu za watumishi si kazi yake. Katika asasi ndogo mpaka huu huvukwa kirahisi, kwa kuwa mjumbe yuleyule husaidia pia kazi za mradi: anapogawa vyandarua kijijini yuko chini ya mratibu wa mradi, na mamlaka yake ya bodi huyapata tena anapoketi kikaoni na wenzake.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi, kwa maoni yangu, ni fedha. Tuseme taarifa ya benki inaonyesha salio la shilingi milioni 48, na wajumbe wanafurahi. Mjumbe aliyefundishwa atauliza fedha hizo ni za nini, na huenda akajibiwa kwamba milioni 41 zimetolewa na mfadhili kwa ajili ya mradi wa maji, na mkataba hauruhusu zitumike kwa jambo jingine. Zinabaki milioni 7. Ikiwa mishahara na pango ni milioni 3.5 kwa mwezi, ofisi ina miezi miwili tu ya kujiendesha. Ataendelea kuuliza kama kodi na michango ya hifadhi ya jamii iliyokatwa kwenye mishahara imewasilishwa, na ni hoja zipi za mkaguzi wa mwaka jana ambazo hazijafungwa. Maswali haya hayamtuhumu mhasibu. Humlinda yeye pamoja na asasi.

Mgongano wa maslahi nao hufundishwa kwa vitendo. Mjumbe ambaye duka la kaka yake limeomba zabuni hutamka uhusiano huo, hutoka chumbani wakati wa mjadala, na katibu huandika hayo katika muhtasari baada ya kuhakikisha kuwa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, imebaki.

Sheria za nchi pia zimo katika mafunzo. Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inadai taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na tangu marekebisho ya 2019 cheti cha usajili hudumu miaka 10. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyotungwa 2013 ilianza kutumika Mei 2024.

Mafunzo yanayozaa matunda hutumia nyaraka za asasi yenyewe kuliko mifano ya jumla ya kwenye semina. Mjumbe mpya apewe katiba, mihtasari ya vikao vya mwaka uliopita na ripoti ya mkaguzi kabla ya kikao chake cha kwanza, na apangiwe mjumbe mzoefu wa kumwelekeza.