Trela ya kulala huku Malindi: tunayoambiana na yaliyo kweli

Naanza na hili manake ndilo linaloangusha watu barabarani: ati trela hufuata gari yenyewe, kwa hivo mzigo weka popote palipo na nafasi. Basi mtu ajaza jenereta, kreti za soda, spea na dumu za maji zote huko nyuma kabisa, sababu mlango wa nyuma ndo rahisi kufungua, alafu huyo ashika barabara ya Mombasa. Akifika spidi ya 80, basi kubwa likampita kwa kishindo, trela yaanza kuyumba, kushoto kulia kushoto kulia, na kila ikiyumba yazidi, mpaka inakuwa trela ndo inaendesha gari.

Ukweli ni kwamba pua ya trela, ile ncha ya mbele inayofungwa kwa gari, lazima ikalie gari kwa uzito wa maana. Trela ndefu za mtindo wa Marekani hutaka asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake wote uwe puani. Karavani nyepesi za Ulaya huundwa kwa kiasi cha chini, karibu asilimia 5 mpaka 7, kwa hivo soma kibati cha trela yako usifuate ya jirani. Trela ya Kimarekani ikiwa na kilo 1,200 pamoja na mzigo, pua iwe na kilo 120 mpaka 180. Na kile chuma cha kuvutia kilichofungwa kwa gari nacho kina kikomo chake kimeandikwa, usikipite. Kupima si kazi kubwa, mizani ya bafuni na kipande cha mbao, ikizidi uwezo wa mizani hio nenda kwa wanaopima magunia. Mizito weka juu ya eksili au mbele yake kidogo, na chini, karibu na sakafu. Na maji msiyasahau jamani, lita moja ni kilo moja, tanki la lita 100 likiwa nyuma ya eksili hizo ni kilo 100 zinazoinua pua.

Kuna wanaosema trela ikianza kuyumba kanyaga mafuta itanyooka. Hapana, usifanye hivo. Usikanyage breki ghafla pia, na usipigane na usukani. Toa mguu, shika usukani sawa, iache spidi ishuke yenyewe, na kama trela yako ina breki za umeme zenye kiswichi chake pale kwa dereva, bonyeza hicho pole pole, breki za trela peke yake, zitaivuta nyuma inyooke. Alafu simama upange mzigo upya kabla ya kuendelea.

"Gari yangu dizeli ya turbo, trela hata siisikii." Sawa, kuvuta yavuta. Lakini bodaboda akiingia barabarani ghafla pale Matsangoni, swali si nguvu za injini tena, ni breki, na trela isiyo na breki zake yakusukuma kutoka nyuma. Ulaya na Uingereza trela ya zaidi ya kilo 750 ni lazima iwe na breki zake, na hata kama hapa hakuna anayekuuliza, fizikia ni ile ile. Tena ukihesabu uwezo wa gari hesabu na watu waliomo na mizigo ya buti, manake ule uzito wa pua nao umebebwa na gari.

Cheni zile mbili si za kuonyesha polisi. Zipitishe chini ya pua kwa kupishana, ya kulia ifungwe kushoto na ya kushoto kulia, ili pua ikichomoka idakwe isichimbe lami. Na kile kichwa cha duara cha gari kinachoingia kwenye kifungio cha trela angalia saizi, kuna cha milimita 50 na kuna kidogo cha 47.6, ukifunga kidogo kwenye kifungio cha 50 kitaonekana kimeshika mpaka tuta la kwanza. Ukishafunga, inua pua kwa jeki yake kidogo: matako ya gari yakiinuka pamoja nayo, kimeshika kweli.

Haya, tairi. Hapa kuna dhana mbili na zote mbili ni hatari kwa joto letu. Ya kwanza, tairi ina meno basi ni nzima. Tairi ya trela mara nyingi haifi kwa kutembea, inafia pale imesimama juani miezi na miezi, mpira wakauka na kupasuka ubavuni huku meno yakiwa mapya kabisa. Angalia ubavu, mwisho wa ile namba inayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne, mfano 2319, hio ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikishapita miaka mitano ianze kukaguliwa kwa jicho kali, na ikifika saba mimi siivuti tena hata ikiwa inang'aa. Ya pili, ati kukiwa na joto punguza upepo tairi isipasuke. Kinyume chake ndo kweli, tairi yenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakoleta joto linaloipasua. Pima asubuhi kabla ya safari tairi ikiwa baridi, jaza kama kibati cha trela kinavosema, na njiani ukikuta imepanda kwa sababu ya joto usiitoe. Pa kupunguza ni mchangani tu, kama unaelekea ufuoni upande wa Ngomeni hivi, na hapo uwe na pampu yako ujaze tena kabla ya kurudi lami. Nati za magurudumu nazo, ukibadilisha tairi Malindi, simama Kilifi uzikaze tena, manake baada ya kilomita 50 mpaka 100 huwa zimelegea kidogo.

Sasa tuje kwa chumvi, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo inayomaliza trela za Pwani kuliko barabara mbaya zote. Watu wanasema trela yangu haikuingia baharini, chumvi itatoka wapi. Ndugu yangu, ukiwa umeegesha Mambrui au Casuarina na kusi inavuma, ile hewa yenyewe ni chumvi, pitisha kidole kwa kioo cha dirisha asubuhi ujionee. Yaingia kwa soketi za taa, kwa viungo vya waya, kwa springi, kwa breki. Alafu kuna wanaoosha kila wiki na trela bado yaliwa na kutu, na sababu mara nyingi ni maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, ukiosha nayo unaongeza tu. Osha kwa maji matamu, ya mfereji yale yanayotoka Baricho, au ya mvua uliyokinga, na uoshe chini, sio bodi pekee. Viungo vya waya vipake griisi maalum ya umeme, taa za trela zikizima njiani anza kutafuta kwenye waya wa ethi uliooza kabla hujanunua balbu mpya.

"Fremu ni galvanaizi, haishiki kutu." Inashika, ila polepole. Ile zinki iliyopakwa juu ya chuma hujitoa yenyewe iliwe kwanza ili chuma kibaki, kwa hivo ina mwisho wake. Na fundi akichomelea kitu hapo, zinki ya sehemu hio imeungua yote, chuma kiko uchi. Mwambie asugue, apake rangi ya zinki siku hio hio, kabla hujaondoka gereji.

Beringi: wengi huzingoja zilie. Zikilia ushachelewa. Zifunguliwe zisafishwe zitiwe griisi mpya mara moja kwa mwaka, hata kama trela haikwenda popote, na huku kwetu seali za nyuma zibadilishwe pamoja. Usichanganye griisi za aina mbili, na usishindilie kupita kiasi mpaka ikapasua seali ikamwagikia breki. Kila ukisimama njiani gusa habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa mkono, vuguvugu ni sawa, ikikuchoma kuna tatizo na usiendelee. Wenye trela za boti msikie hili zaidi: habu ikiwa moto ukaitumbukiza baharini, hewa ya ndani hunywea ghafla na kufyonza maji ya chumvi yapite seali. Ngoja ipoe kwanza.

Juu ya paa, watu hudhani silikoni ya dukani ndo dawa ya kuvuja. Tatizo lake, silikoni ikizeeka hakuna kitu kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya, kwa hivo kila ukiongeza unaficha tu. Toa ya zamani yote, tumia ile gundi ya paa iliyotengenezewa trela, na kagua kabla masika haijaanza, yaani Machi, ukiangalia kona na kuzunguka madirisha ya paa. Turubai la plastiki pia si ulinzi, linafungia unyevu ndani na upepo ukilipiga linasugua rangi mpaka linaitoa. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni bora mno, kivuli kipo na hewa yapita. Mnazi wenyewe lakini, usiegeshe chini yake.

Ile miguu ya kona watu waitumia kama jeki kuinulia trela. Kazi yake ni kutuliza trela isitikisike tu, ukiinulia inapinda na fremu yapinda nayo. Na mchangani iwekee vipande vya mbao chini.

Gesi sasa, na naomba hapa msinisome juu juu. Kuna imani kwamba gesi hupanda juu, kwa hivo dirisha la paa likiwa wazi muko salama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, yashuka sakafuni na kukaa pale pale mnapolala. Ndo maana trela ina vitundu vya hewa chini sakafuni, na ndo maana ni makosa makubwa kuviziba ati siafu wasiingie, weka wavu. Uvujaji pima kwa povu la sabuni, usiwashe kiberiti. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya trela hata mvua ikinyesha vipi, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, manake ile monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwa makaa, haina harufu na kidirisha kimoja wazi hakitoshi. Mpike nje.

Wengine hununua paneli moja na betri moja wakitarajia kulala na eisii, ile mashine ya kupoza hewa. Hesabu ni hii: betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ina karibu wati 1,200 za saa moja, na betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hivo una 600. Eisii ya paa hula wati elfu moja na zaidi. Nusu saa imekwisha. Feni mbili za volti 12 na madirisha yenye wavu yanayokabili upepo zitakulaza mpaka asubuhi.

Na wale wanaouliza kama trela yaweza kufika Lamu: barabara ya Garsen na Witu yaishia Mokowe, baada ya hapo ni boti, na mji wenyewe una vichochoro vya watu na punda. Trela itabaki bara. Ukiiacha siku kadhaa funga gesi kwenye mtungi, zuia magurudumu kwa mawe au mbao pande zote mbili, alafu achia hendibreki, manake kwa hewa ile ya chumvi breki hugandana na ngoma ya gurudumu na utarudi ukute magurudumu hayazunguki.