Pepo, jini na Shetani si majina matatu ya kitu kimoja

Nimemsikia tena mfasiri wa filamu ya Kijapani akimwita oni, kiumbe wa kutisha wa hadithi za Kijapani, "Shetani". Baada ya muda mfupi kiumbe huyohuyo akawa jini, na kabla filamu haijaisha akawa pepo. Waliokuwa wakitazama nami hawakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Maana ya jumla haihitaji maneno mengi: maneno hayo yote yanahusu viumbe wanaoaminika kuwapo bila kuonekana kwa kawaida, wenye uwezo wa kumwingia mtu, kumdhuru au kumtumikia. Tofauti iko katika upande ambao kila neno linauangalia.

Jini ni jina la aina ya kiumbe, kama vile "mtu" lilivyo. Neno lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufichika, mzizi ambao umezaa pia janna, bustani iliyofunikwa na miti, na majinuni, yaani mwendawazimu. Qurani inasema majini waliumbwa kwa moto (55:15), na Sura ya 72 inasimulia kundi lao lililoisikiliza Qurani likaamini, kwa hiyo anayetamka "jini" akimaanisha uovu mtupu amewasahau hao waumini.

Shetani, kwa upande wake, halisemi kiumbe ameumbwa kwa kitu gani bali anafanya nini. Qurani hiyohiyo inataja mashetani wa kibinadamu na wa kijini (6:112). Katika Kiebrania, satan ni mpinzani, awe yeyote yule: anayesimama njiani kumpinga Balaamu katika Hesabu 22:22 ni malaika wa Bwana, na neno lililotumika hapo ni hilohilo. Hata katika kitabu cha Ayubu linaandikwa na kibainishi (kama "the" ya Kiingereza) mbele yake, jambo linaloonyesha kuwa ni cheo, mfano wa "mshitaki", kabla halijawa jina la mmoja tu.

Pepo ni ndugu wa upepo, kama ilivyo kwa ruah ya Kiebrania na pneuma ya Kigiriki, ambazo hubeba upepo na roho kwa pamoja. Ndiyo maana Marko 5 inalazimika kusema pepo "mchafu". Kivumishi hicho si pambo, kwa kuwa neno peke yake halijahukumu. (Anayelichukia neno pepo akumbuke anakoomba kwenda akifa.)

Kigiriki kilikuwa pia na daimon, na hapo ndipo penye kisa kirefu. Mwanafalsafa Plato anamwita Eros, yaani Mapenzi, daimon, aliye kati ya miungu na wanadamu, na mwalimu wake Socrates alidai kuwa na ishara ya kidaimoni, sauti iliyomzuia tu, isiyomwamuru kamwe. Kisha Wayahudi waliofasiri Zaburi kwa Kigiriki wakaandika kwamba miungu ya mataifa ni daimonia, na jina likachafuka. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikamaliza kazi kwa kuwaita daimonia kwa neno lilelile la Ibilisi, "devil", kosa ambalo Biblia za Kiswahili zimeliepuka: Ibilisi ni mmoja, pepo ni wengi. Nadhani mkanganyiko umeturudia kupitia filamu.

Wala pepo mbaya hakuwa adui sikuzote. Katika Mesopotamia ya kale (eneo la Iraki ya leo), Pazuzu alikuwa mfalme wa pepo wa upepo mbaya, lakini kichwa chake, chenye macho yaliyotokeza na meno wazi, kilivaliwa kama hirizi ili amfukuze Lamashtu, aliyewawinda wajawazito na watoto wachanga. Ukimwita Shetani, hirizi hiyo haieleweki tena.

Turudi kwa mfasiri wetu. Oni ana mwili mkubwa, pembe, meno yaliyochomoza na rungu la chuma, na katika hadithi hula watu. Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni zimwi.