Je, wajua kwa nini bei ya hisa hushuka kampuni inapofunga vitabu vya dividendi?

Kila mwaka kuanzia Machi, benki zikishatangaza matokeo, kuna swali huanza kuzunguka hapa Mombasa, kwenye magrupu ya WhatsApp ya chama, kwenye baraza za kahawa, hata maofisini huko bandarini: kampuni fulani itatoa shilingi 4 kwa kila hisa, si ninunue wiki hii nipokee hiyo dividendi, yaani mgao wa faida, halafu wiki ijayo niuze nirudishe pesa yangu na faida juu? Linaonekana swali la mtu mjanja kabisa. Na wengi hufanya hivyo, halafu siku mbili tatu baadaye wanafungua app ya broka wanakuta hisa imeporomoka na hakuna habari yoyote mbaya iliyotoka, wanabaki kuuliza nani kaiba.

Hakuna aliyeiba. Tuanze na hiyo tarehe yenyewe manake ndo inayochanganya watu. Kampuni ikitangaza dividendi hutaja siku ya kufunga vitabu, yaani siku watakayoangalia rejista ya wenye hisa na kusema waliomo humu ndo tutawalipa. Soko la Hisa la Nairobi huchukua siku 3 za kazi kukamilisha biashara, kwa hivyo ukinunua leo jina lako haliingii leo, lazima uwe umenunua mapema ili ikifika hiyo siku uwe ndani. Ukichelewa, hisa utapata lakini dividendi inaenda kwa aliyekuuzia. Sasa fikiria duka la Kongowea linalouzwa likiwa na laki moja taslimu kwenye droo, na mwenyewe akuambie kuanzia kesho hiyo laki naichukua mimi. Leo unaweza kulipa bei ya duka pamoja na hiyo laki, lakini kesho nani atalipa bei ileile? Ndo hivyo hivyo kwenye hisa, anayenunua akiwa amechelewa anajua shilingi 4 haziji kwake, kwa hivyo anatoa bei ya chini kwa takriban shilingi 4 hizohizo. Ile pesa ilikuwa ya kampuni, ilikuwa imehesabiwa ndani ya bei, na sasa imetengwa kwa watu wengine.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu haamini. Chukua mfano wa hisa ya shilingi 40, umenunua 1,000, hiyo ni 40,000. Komisheni na makato ya kununua tuseme asilimia 1.5, shilingi 600. Dividendi ni shilingi 4, jumla 4,000, lakini serikali ya Kenya inakata ushuru wa asilimia 5 kwa mkaazi kabla pesa haijakufikia, kwa hivyo unapokea 3,800. Bei imeshuka hadi 36, unauza unapata 36,000, broka anakata tena 540. Ulitoa 40,600 na kilichorudi ni 39,260. Umepoteza 1,340 na kampuni haijafanya kosa lolote, biashara yao inaendelea vizuri tu! Na angalia jambo moja zaidi, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa Nairobi haitozwi ushuru wa faida ya mtaji, dividendi ndo inayotozwa, kwa hivyo huyu anayewinda dividendi anachukua pesa ambayo ingekaa ndani ya bei bila kukatwa, anaihamisha hadi mahali inapokatwa.

Mfano wa karibu yetu ni Bamburi, kile kiwanda cha simiti cha njia ya Malindi. Mwaka 2024 Bamburi waliuza sehemu yao ya Hima Cement ya Uganda, wakapata pesa nyingi, wakawapa wenye hisa dividendi maalum ya shilingi 18.25 kwa kila hisa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, lakini tazama kilichotokea kwenye kampuni: Hima imeondoka, na pesa ya Hima nayo imeondoka. Aliyenunua baada ya hapo alikuwa ananunua kampuni ndogo kuliko ya jana. Halafu mwaka huohuo Amsons ya Tanzania wakaja na ofa ya shilingi 65 kwa hisa na bei ikapanda, lakini hiyo ni habari nyingine kabisa, mtu aliona thamani kwenye kiwanda akataka kukinunua chote, dividendi haikuwa na mkono hapo.

Utaniambia mbona Safaricom nimeshika miaka na sijaona hiyo kushuka. Kwa mwaka wao wa fedha ulioisha Machi 2025 walitoa jumla ya shilingi 1.20, yaani 0.55 ya kwanza na 0.65 ya mwisho, na siku za kufunga vitabu vya hiyo ya mwisho hisa ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 20. Senti 65 hapo zinapotea kwenye kupanda na kushuka kwa kawaida kwa siku moja, huwezi kuziona kwa macho ila zimetoka. Standard Chartered ya Kenya kwa mwaka 2024 walitoa jumla 45, na 37 kati ya hizo zilitoka kwa mpigo mmoja mwishoni, kitu kikubwa kama hicho lazima bei ikihisi. Pia soko letu ni dogo, kuna hisa zinakaa siku nzima bila mtu kuuza wala kununua, kwa hivyo bei inaweza kuchelewa kushuka, au isishuke yote sawasawa, au habari nzuri ikatoka siku hiyohiyo ikaifunika.

Jambo hili wataalamu waliliandika zamani. Mwaka 1961 wachumi Merton Miller na Franco Modigliani walionyesha kwamba kama hakuna ushuru wala gharama za kununua na kuuza, dividendi peke yake haimtajirishi mwenye hisa, thamani inatokana na kile biashara inachozalisha. Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, tangu achukue kampuni ya Berkshire Hathaway alilipa dividendi mara moja tu, mwaka 1967, pesa nyingine zote alizirudisha kwenye biashara, na walioshika hisa zake miongo yote hiyo wametajirika sana bila kupokea kitu mkononi.

Kinachoniuma mimi ni wale wanaochagua hisa kwa kuangalia asilimia ya dividendi tu. Ile asilimia ni dividendi ya mwaka jana ugawe kwa bei ya leo, sasa kampuni ikianza kuoza bei inashuka na asilimia inapanda, kwenye orodha inaonekana tamu kuliko zote kumbe ndo wenye akili wanakimbia. Mumias, ile kampuni ya sukari, nao walikuwa wakilipa dividendi miaka ya nyuma, 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa na benki iliyokuwa inawadai. Kabla hujanunua angalia faida imetosha kulipa hiyo dividendi au wanakopa, angalia deni linaongezeka au linapungua, hizo namba ziko kwenye matokeo wanayotangaza na hazihitaji digrii.

Wala sisemi dividendi ni mbaya jamani. Kampuni inayolipa kila mwaka kutoka kwa faida halali, ukakaa nayo miaka kumi, biashara inajaza tena lile pengo la bei mwaka baada ya mwaka, na wewe ile pesa ukinunulia hisa nyingine hesabu inaanza kuzaana. Zamani hii ilikuwa ngumu kwa mtu mdogo. Mwenye hisa 1,000 za Safaricom akipata 0.65 kwa hisa anabaki na 617.50 baada ya ushuru, na kwenye soko la kawaida ilikuwa lazima ununue angalau hisa 100, kwa hivyo ile pesa iliishia kwa unga na kredo. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, na hiyo 617.50 inapata kazi mwezi uleule ilioingia. Ila muulize broka wako kwanza kama ana kiwango cha chini cha komisheni, kwa sababu akikukata shilingi 100 kwa oda ya 600 ni afadhali ukusanye dividendi mbili tatu ndo ununue kwa pamoja.